Zawadi Ikishatoka Mkononi

   



Kwenye darsa letu la akina dada, baada ya Alasiri, dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliuliza swali ambalo liliwafanya wenzake waangue kicheko. Alisema: "Nilimfumia rafiki yangu kofia. Wiki mbili nzima. Juzi nimeenda kwao nikamkuta mdogo wake anaipiga mateke uani kama mpira. Je, nina haki ya kuidai?" Mimi sikucheka. Swali lile nililiuliza mwenyewe miaka miwili iliyopita, na kabla sijamwuliza mwenye elimu nilikuwa nimeshajijibu. Jibu langu halikuwa sahihi, na aliyelilipia si mimi. Siku ile ya darsa nilisema maneno machache tu kwa sababu adhana ya Magharibi ilikuwa imekaribia. Hapa nataka nieleze yote, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi. Aliyenifundisha kufuma ni bibi yangu, mama yake mama. Watu hutucheka: nani anafuma sweta Bujumbura, hapa kando ya Ziwa Tanganyika, ambapo usiku mtu hulala amefungua dirisha na bado anatokwa jasho? Lakini yeyote aliyewahi kupanda gari kwenda Gitega au Ngozi anajua. Unapanda mlima, kona baada ya kona, na ukifika Bugarama uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ukungu umetanda barabarani, na akina mama wanaouza karoti na kabichi wamejifunga vitenge viwili viwili mabegani. Bibi aliyajua hayo. Alikuwa akinunua uzi sokoni, anafuma sweta za watoto, kisha anawapa wasafiri wamuuzie huko juu.

Kazi ya kufuma ina raha ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyeifanya. Unaanza na uzi mmoja na sindano mbili. Unahesabu vitanzi, themanini, tisini, kutegemea kifua cha mtu. Mstari wa kwanza haueleweki, wa kumi unaanza kuonekana, na ukifika kwapani unaanza kumwona mtu mwenyewe ndani ya nguo. Bibi alikuwa na sharti moja: akifuma, hakuna kumsengenya mtu chumbani. Ama umtaje Mwenyezi Mungu, ama unyamaze. Nilizoea tangu utotoni kusema subhanallah kwa kila kitanzi. Wallahi kuna sweta nimezifuma ambazo zilinipa utulivu kuliko usingizi.

Na ina maudhi yake. Unaangusha kitanzi kimoja mstari wa ishirini, hukioni mpaka mstari wa hamsini, na hapo hakuna dawa ila kufumua. Mkono wa kulia unatoka mrefu kuliko wa kushoto. Uzi unakwisha, unarudi sokoni unakuta rangi ile imebaki kwenye vidole vyako tu. Na kuna watu, Mungu awasamehe, wanaokuambia: "Uzi nitaleta mimi, wewe nifumie tu," kana kwamba siku zako ishirini si kitu. Nikiri pia kosa langu mwenyewe: zaidi ya mara moja niliichelewesha Alasiri mpaka jua likawa la njano, kwa kujiambia namalizia mstari huu tu. Kazi ya halali ikikupita na sala, tatizo si la uzi.

Lakini kazi ya mikono katika dini yetu ina heshima kubwa, na msikubali mtu wa chuo kikuu awaambie ni kazi ya wasiosoma. Katika Surat Saba, aya ya 10 na 11, Allah (S.W.) anatueleza kwamba alimlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma, akamwamrisha atengeneze deraya kamili na apime vizuri pete zake. Deraya ni pete za chuma zilizoungwa moja ndani ya nyingine mpaka ziwe vazi. Mimi kila nikiisoma aya hiyo nafikiria vitanzi vyangu. Nabii, tena mfalme, anaamrishwa na Mola wake azingatie kipimo cha pete moja moja! Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokula kutokana na kazi ya mkono wake, na kwamba Daud (A.S.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Bibi Zaynab binti Jahsh (R.A.), mama wa waumini, alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kile alichopata akikitoa sadaka. Hiyo ndiyo iliyomfanya awe mwenye mkono mrefu kuliko wake wenzake, kwa maana aliyoikusudia Mtume (S.A.W.).

Sasa nije kwenye kisa changu.

Baba yangu alifariki nikiwa nangoja kuingia chuo. Aliyenilipia ada ya mwaka wa kwanza ni shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ameolewa Muramvya. Hakuniita kikao. Alituma pesa kwa mtu, na ujumbe mfupi kwamba nisome na nisiache sala. Nilitaka kumshukuru, na sikuwa na cha kumpa ila mikono. Basi nilianza kumfumia sweta mwezi wa Shaabani, nikaendelea Ramadhani yote, kati ya Adhuhuri na Alasiri wakati wenzangu wamelala. Rangi ya bluu iliyokolea, vifungo sita mbele, mifuko miwili. Niliufumua mgongo mara tatu kwa sababu shangazi ni mwembamba na mimi nilimkadiria kwa kumbukumbu ya miaka mingi. Vidole viliota sugu. Siku mbili kabla ya Idil-Fitri nilimtumia kwa gari. Alinipigia simu, akaniombea dua ndefu mpaka salio lake likakatika.

Idil-Adh'ha nikapanda Muramvya kusherehekea nao. Wanaokujua kule wanajua kiangazi kilivyo: mchana jua, usiku baridi inayoingia kwenye mifupa. Mume wa shangazi alichinja, nyama ikagawanywa, na majirani wakaanza kuja kuchukua mafungu yao, Waislamu na wasio Waislamu, kama ilivyo desturi pale. Miongoni mwao akaja mama mmoja mjane, Mkristo, anayekaa nyumba ya chini ya mteremko. Huwa anamsaidia shangazi kulima. Alikuwa amevaa sweta yangu.

Niliijua kabla sijaiona vizuri. Mikono ilikuwa imekunjwa mpaka kwenye viwiko, ina masizi ya jikoni, na kifungo cha tatu hakipo, pamefungwa na pini. Damu ilinipanda kichwani. Wageni walikuwa wamekaa, na mimi, msichana wa chuo, msomaji wa darsa, nikanyoosha kidole nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti: "Shangazi, hii si ile sweta yangu? Miezi miwili nafuma, vidole vimeniuma, na wewe umempa mtu wa kwenda nayo shambani?"

Yule mama hajui Kiswahili. Lakini kidole alikielewa. Alijifunika kifua kwa mikono yote miwili, akaitazama sweta, akanitazama mimi.

Shangazi alisema maneno matatu tu: "Alikuwa anatetemeka, mwanangu."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Kesho yake asubuhi, nilipokuwa najiandaa kurudi Bujumbura, niliikuta sweta imekunjwa juu ya begi langu. Usiku, baada ya mimi kulala, shangazi alikuwa amemtuma mtoto akaiombe. Akaniambia: "Nimeona imekuuma. Ichukue. Yeye nitamtafutia kitu kingine." Na mimi, ndugu zangu, niliichukua. Niliitia kwenye begi nikashuka nayo mpaka mjini, kwenye joto, ambapo hakuna kiumbe anayehitaji sweta. Ikakaa ndani ya sanduku chini ya kitanda changu, na kule mlimani usiku ule mtu alilala bila nguo ya joto kwa sababu mimi nilikumbuka hesabu ya vitanzi vyangu.

Shangazi ada aliyonilipia hajawahi kuitaja. Si mbele ya watu, si faraghani, mpaka leo.

Nilikaa hivyo wiki kadhaa nikijiona nina haki. Nilikuwa na hoja zangu: zawadi ni amana, zawadi ya mkono si kama kitu cha dukani, aliyepewa angeniambia kwanza. Kisha ikanifikia zamu ya kusomesha darsa, na kitabu tulichokuwa tukisoma ni Riyadhus-Swalihina, mlango wa kuwapendelea wengine kuliko nafsi yako. Nilikuwa naandaa somo usiku, nikaikuta humo hadithi ya Sahl bin Sa'd (R.A.), ambayo asili yake iko katika Sahihi Bukhari.

Anasimulia kwamba mwanamke mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) na burda, shuka la kujifunika, lililofumwa pamoja na pindo zake. Akamwambia kwamba amelifuma kwa mkono wake mwenyewe ili amvike. Mtume (S.A.W.) akalipokea, naye alikuwa analihitaji. Kisha akawatokea masahaba amelivaa kiunoni. Mtu mmoja akalisifu uzuri wake, akamwomba amvike yeye. Mtume (S.A.W.) akakubali. Akakaa kidogo kwenye kikao, akarudi nyumbani, akalikunja, akampelekea. Watu wakamlaumu yule aliyeomba: Mtume alikuwa analihitaji, na wewe unajua hamrudishi mwombaji, vipi umwombe? Akajibu kwamba hakuliomba ili alivae, aliliomba liwe sanda yake. Na Sahl anasema likawa kweli sanda yake.

Niliisoma nikarudia. Nilikuwa namtafuta yule mwanamke. Masahaba wanaongea, mwombaji anajibu, Sahl anamalizia kisa, na mfumaji hayumo tena. Alitaja mkono wake mara moja tu, wakati wa kutoa, ili kuonyesha mapenzi. Baada ya hapo hadithi haimtaji kabisa. Kazi yake haikukaa kwa Mtume (S.A.W.) muda mrefu. Ilikwenda kwa mtu mwingine, na mwisho wake ikaingia kaburini, mahali ambapo hakuna jicho la kuisifu. Na sisi mpaka leo, karne kumi na nne, tunasoma kwamba Mtume (S.A.W.) aliivaa. Nani kati yetu angeweza kusema kwamba shuka lile lilipotea?

Nilifunga kitabu. Nilifungua sanduku, nikaitoa sweta, ikanuka moshi wa kuni wa nyumba ya yule mama.

Usiku ule nilipitia tena aya ambazo tangu madrasa nilikuwa nazijua kwa moyo bila kuzigusa. Katika Surat al-Baqara, aya ya 264, Allah (S.W.) anawakataza walioamini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimango na maudhi, na anampigia mfano anayetoa ili watu wamwone: jabali lenye udongo juu yake, mvua kubwa ikalipiga, likabaki jiwe tupu. Angalieni neno kubatilisha. Sadaka ilikuwepo, ilitolewa, ilifika. Kilichoiharibu kilikuja baadaye, kupitia mdomo. Na aya moja kabla yake inasema kwamba neno jema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi. Yaani ningemwambia shangazi ahsante tu kwa simu, bila sweta, ningekuwa katika hali bora kuliko ile.

Ipo pia aya ya 92 ya Surat an-Nahl, inayokataza kuwa kama mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Aya hiyo inahusu viapo na ahadi, na sitaki kuivuta mahali pasipo pake. Lakini mtu aliyefumua mgongo wa sweta mara tatu hawezi kuisoma bila kujiona. Kufumua kwa kurekebisha ni sehemu ya kazi, na mimi nilifumua kitu kilichokuwa kimekamilika, kimeshavaliwa, tena kwa sentensi moja.

Asubuhi nilimwendea ustadhi wetu. Nilimweleza kisa, nikidhani labda atasema nimfumie yule mama nyingine. Alinisikiliza, akaniuliza: "Shangazi yako aliipokea mkononi?" Nikasema ndiyo. "Basi iliacha kuwa yako siku ile. Naye akampa jirani, jirani akaipokea?" Ndiyo. "Basi iliacha kuwa ya shangazi. Sasa hivi unakaa na mali ya watu chini ya kitanda." Ndivyo alivyoniambia. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, zawadi ikishapokelewa mkononi imefungika, na aliyeitoa hana haki ya kuirudisha, isipokuwa mzazi kwa mtoto wake. Mtume (S.A.W.) amemfananisha anayeirudia zawadi yake na mbwa anayeyarudia matapishi yake, na hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim.

Kisha akanikumbusha kisa cha farasi wa Sayyidna Umar (R.A.), na hapa naomba yule dada mwenye kofia asome taratibu. Umar alimtoa farasi kwa ajili ya njia ya Allah, akampa mtu. Yule mtu hakumtunza, akampoteza hali. Umar akataka kumnunua tena, akitarajia atauzwa kwa bei rahisi. Angalia: si kumnyang'anya, bali kumnunua kwa pesa yake! Akamwuliza Mtume (S.A.W.), naye akamkataza asimnunue hata kama angepewa kwa dirhamu moja, na asiirudie sadaka yake. Hadithi haikatai kwamba farasi alitunzwa vibaya. Umar hakuwa amekosea kuona. Hata hivyo alizuiwa, kwa sababu farasi hakuwa wake tena.

Kwa hiyo, dada yangu, kofia inapigwa mateke, na si yako. Kuumia si dhambi. Macho yataona na moyo utashtuka, nami sijui mfumaji ambaye hashtuki. Kabla ya mdomo kufunguka una nafasi ya kutosha ya kumeza mate.

Nisiwasahau wanaopokea, maana na wao wana wajibu, na baadhi yetu tunapokea kama tunaokota. Aisha (R.A.) ametueleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akipokea zawadi na kuilipa kwa zawadi. Usiye na cha kulipa, una dua. Wala usidharau: amewaasa wanawake wa Kiislamu jirani asidharau cha jirani yake hata kikiwa kwato la kondoo. Na ukipewa kitu kisichokufaa? Sweta imekubana, kofia ina rangi usizozipenda? Liko funzo zuri kwa Abu Jahm (R.A.). Alimpa Mtume (S.A.W.) shuka lenye mapambo. Mtume akaswali nalo, mapambo yakamvuta macho, na alipomaliza akaagiza lirudishwe kwa Abu Jahm, na aletewe shuka lingine la Abu Jahm, lile la kawaida lisilo na mapambo. Wanazuoni wamesema aliomba lile la pili ili Abu Jahm asivunjike moyo, ajue kwamba hakudharauliwa zawadi yake. Ndani ya agizo moja alilinda sala yake na moyo wa ndugu yake. Sisi tunapokea, tunasema "mh, asante," tunakitupa juu ya kabati.

Na dada aliyeniuliza pembeni kuhusu kumfumia skafu kaka wa darasani kwake: jibu unalijua, ndiyo maana uliniuliza kwa kunong'ona.

Nirudi Muramvya. Ustadhi alinipa mambo mawili: niirudishe sweta ileile, na niombe msamaha kwa watu wawili. Akaongeza la tatu, kwamba nisipeleke na kitu cha ziada siku hiyo, ili nisijinunulie msamaha kwa zawadi nyingine. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimeshanunua uzi.

Niliifua, nikashona kifungo cha tatu, nikapanda gari likizo ya muhula. Shangazi nilimwomba msamaha jikoni, nimepiga magoti kama mtoto. Alinishika kichwa akasema yamepita, kisha akaniambia nimsaidie kuchambua mchele, kana kwamba hakuna lililotokea. Baadaye tukateremka pamoja mpaka nyumba ya chini.

Yule mama alikuwa mlangoni akianika maharage kwenye mkeka. Kirundi changu ni cha mjini lakini kilitosha. Nilimwambia kwamba nguo hii ni yake, kwamba nilimkosea, na ninamwomba anisamehe. Hakuipokea mara moja. Alifuta mikono kwenye kitenge, akamgeukia shangazi, si mimi, akamwuliza kwa sauti ya chini: "Hii mara hii mtaniachia?"

Shangazi akanitazama ili nijibu mwenyewe. Nikasema ndiyo, ni yako, hata ukitaka kuichoma moto. Akaichukua. Hakuivaa mbele yangu, na hakusema kwamba amenisamehe. Sikumdai hilo pia.

Mwaka huu nimepanda tena. Nilipita pale kwenye mteremko alfajiri nikienda kupanda gari, baridi kali, ukungu haujatoka bondeni. Wajukuu wake wawili walikuwa wanatoka kwenda shule, na kila mmoja amevaa kofia ya bluu iliyokolea, iliyofumwa kwa mkono ambao si wangu, vitanzi vimekaza mno upande mmoja na kulegea mwingine. Uzi niliutambua. Sweta ilikuwa imefumuliwa yote. Nilisimama nikaangalia, bila shaka muda mrefu kuliko inavyofaa, kwa sababu yule mdogo aliniona, akainua mikono yote miwili, akaivuta kofia yake mpaka chini ya masikio na kuishika.

Nikamsalimia, nikapita.